Kunguru wa Jumamosi na sapu yangu

Najua nimewatupa. Karibu mwezi mzima sijaandika kitu humu, na wengine mmeanza kuulizana kantini kama nimeshapigwa disko kimya kimya. Sijapigwa. Nilikuwa na sapu moja ya Upimaji na Tathmini, ile kozi iliyokwamisha nusu ya darasa letu, na leo nataka kuwamegea jinsi sapu hiyo ilivyonifikisha kwenye kibaraza cha ghorofa moja katikati ya mji wa Arusha, Jumamosi saa moja asubuhi, nimechomekea shati, namlisha kunguru chapati. Msicheke kwanza.

Ilikuwa hivi. Tangu mwaka wa kwanza nafundisha twisheni kwa familia moja ya Kihindi mjini, karibu na soko kuu. Mnajua bumu likichelewa hali inavyokuwa, kwa hiyo twisheni ndiyo inayonilisha. Kila Jumamosi natoka Usa River na hiace ya alfajiri, namfundisha kijana wao wa kidato cha pili Kiswahili na Jiografia, mchana nimemaliza. Familia hii ni Wahindu. Nalisema hili wazi kwa sababu sisi tukisema "Mhindi" tunawatia wote kapu moja, Ismailia, Bohora, Kalasinga, Mgoa na Mhindu, wakati kila mmoja ana mahali pake pa kusali na hawafanani hata kidogo.

Nyumba hiyo ina bibi. Wajukuu wanamwita Ba, kwa Kigujarati. Mimi namwita Bibi na namwamkia shikamoo kama bibi mwingine yeyote, naye ananiita Mwalimu, jina ambalo hata chuo bado hakijanipa. Amezaliwa Moshi. Kiswahili chake kinanitia aibu mimi ninayekisomea digrii, na mara mbili ameshanisahihisha ngeli mbele ya mwanafunzi wangu.

Sasa jikoni kwao, juu ya friji, kuna picha ya zamani ya rangi kali. Watu tisa, kila mmoja na kipando chake. Mara ya kwanza nilidhani ni sarakasi. Kumbe ndizo sayari zao tisa, zinaitwa navagraha. Katikati yuko Jua, Surya, kwenye gari la farasi saba. Mwezi, Chandra, gari lake linavutwa na paa. Mirihi, wao wanamwita Mangala, mwekundu mwili mzima, amepanda kondoo dume. Utaridi ni Budha, amepanda simba. Mushtari, ambaye ni Guru au Brihaspati, yuko juu ya tembo, mnene, mtulivu, mwalimu wa miungu. Zuhura ni Shukra, juu ya farasi mweupe. Halafu kwenye kona kuna mmoja mweusi, uso haucheki, amekaa juu ya kunguru. Huyo ni Zuhali, jina lake Shani.

Wawili waliobaki si sayari kabisa. Rahu ni kichwa kisicho na mwili, kipando chake simba. Ketu ni mwili usio na kichwa, kipando chake tumbusi. Hadithi inasema lilikuwa jitu moja lililojipenyeza kwenye karamu ya miungu likanywa kinywaji cha uzima wa milele, Jua na Mwezi wakalichongea, likakatwa shingo, lakini lilikuwa limeshakunywa kwa hiyo halikufa. Tangu siku hiyo kichwa kinawafukuza Jua na Mwezi angani ili kiwameze. Kwa hesabu, Rahu na Ketu ni zile sehemu mbili ambapo njia ya mwezi inakatiza njia ya jua, na kupatwa kunatokea jua na mwezi vikikutana karibu na hapo. Nikakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na watu wakamiminika Rujewa kule Mbarali kuangalia ile pete. Sisi huku Arusha tuliona limeng'atwa tu. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Na Kiswahili chenyewe kinasema jua "limepatwa", yaani limekamatwa na kitu. Kitu gani? Hatusemi. Wao wamesema.

Niliingia intaneti kuhakikisha, nikachanganyikiwa zaidi. Kuna picha nyingine Shani amepanda tumbusi, nyingine nyati, na Shukra yuko juu ya mamba. Nikamuuliza Bibi, akasema kila nchi na mchoraji wake, lakini kwao Shani ni kunguru, na kama nina shida na kunguru niseme.

Shida sikuwa nayo, ila nilikuwa na sapu.

Jumamosi matokeo yalipotoka nilifundisha vibaya mpaka kijana akaniuliza kama naumwa. Bibi alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Mwalimu, leo umekuja mwili tu." Nikajikuta namweleza yote. Kwamba nimefeli, kwamba nikifeli sapu habari imekwisha, kwamba mama yangu kwetu Poli anauza ndizi sokoni Tengeru na kila mtu wa ushirikani anajua kijana wake anasomea ualimu. Alisikiliza bila kuacha mchele. Mwisho akauliza, "Ulizaliwa lini?"

"Tarehe 5 Novemba," nikasema. Na kwa sababu nimekulia kwenye magazeti ya kufungia maandazi nikaongeza, "Mimi nyota yangu ni Nge."

"Wewe si Nge," akasema. "Wewe Mizani."

Jamani. Mtu umeishi na nyota yako tangu darasa la tano, umesoma utabiri wake kila gazeti unalolikuta, umejieleza kwa wasichana kwamba nyie Nge mna wivu lakini mna mapenzi ya kweli, halafu unanyang'anywa hivihivi, mchele ukiendelea kuchambuliwa.

Sababu yenyewe nimeifuatilia, na hii ni Jiografia tupu. Dunia inazunguka kama pia, na kama pia inayokaribia kuchoka, mhimili wake unayumba taratibu. Mzunguko mmoja wa kuyumba unachukua kama miaka 26,000. Nyota za magazeti yetu, zilizotoka Wagiriki zikapita kwa Waarabu hadi pwani kwetu zikaitwa Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi na kuendelea, zile ambazo marehemu Sheikh Yahya Hussein aliyefariki mwaka 2011 alizitangaza mpaka kila nyumba ikajua yake, zinahesabiwa kuanzia pale jua linapokuwa mwezi Machi usiku na mchana vikilingana. Wahindu wanahesabu kwa nyota zenyewe zilipo angani. Kwa karne nyingi hesabu hizo mbili zimeachana, sasa tofauti ni kama nyuzi 24. Ndiyo maana mtu wa mwanzoni mwa Novemba kwa gazeti ni Nge na kwa Bibi ni Mizani. Tena Bibi hajali sana jua lilikuwa wapi. Anataka kujua mwezi ulikuwa wapi, na mwezi unahama nyota moja kwenda nyingine kila baada ya siku mbili na kidogo. Kwa hiyo anataka saa ya kuzaliwa.

"Nadhani Shani amekukalia," akasema, kama mtu anayesema nadhani mvua itanyesha. "Lakini bila saa siwezi kujua. Muulize mama yako."

Kijana wangu wa kidato cha pili ndiye aliyenieleza Shani anavyokalia watu, kwa furaha kabisa, maana mada hiyo ilikuwa inakula muda wa ngeli. Zuhali ni mzito kutembea. Kulizunguka jua mara moja anatumia karibu miaka 29 na nusu, maana yake kwenye kila nyota anakaa kama miaka miwili na nusu. Jina lenyewe la Shani linatoka kwenye maneno ya Kisanskriti yenye maana ya anayekwenda polepole, na hadithi zinasema ni kiwete. Akiingia nyota iliyo kabla ya nyota ya mwezi wako, akapita yako yenyewe, akamalizia inayofuata, jumla inakuwa miaka saba na nusu. Wanaita sade sati. Katika miaka hiyo mambo hayaendi. Kazi, masomo, ndoa, afya, kila kitu kinaburutwa. Nikapiga hesabu kichwani: digrii yangu ni miaka mitatu. Bodi ya Mikopo hainisubiri Shani amalize matembezi.

Mimi siamini nyota, naomba nieleweke. Mshkaji wangu wa geto, mtu wa fellowship, nilipomsimulia alisema nimeanza ibada ya sanamu na akaniombea hapo hapo tumesimama mlangoni. Lakini ukishafeli, ukakaa usiku unauliza kwa nini wewe na si yule anayelala lekcha nzima, neno lolote linaloeleza linaingia. Hata kama limepanda kunguru.

Nikaenda nyumbani mchana ule ule. Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, kwa hiyo nilimkuta mama pale pale na mikungu yake. Hapa niweke kitu kidogo kilichonichekesha kwenye hiace. Bibi ana siku saba zenye majina ya sayari: Jumapili ya Jua, Jumatatu ya Mwezi, Jumanne ya Mangala na kondoo wake, mpaka Jumamosi ya Shani, ya mwisho na nzito kuliko zote. Sisi Jumamosi ni Juma-mosi, ya kwanza, tunaanza kuhesabu upya baada ya Ijumaa. Siku ambayo Bibi anatembea nayo kwa tahadhari, Tengeru ndiyo siku ya kupata hela.

Nilisubiri mpaka tumepanda Poli, ameshavua kiatu na anamenya ndizi.

"Mama, hivi mimi nilizaliwa saa ngapi?"

"Chuo kinataka?"

"Hapana. Nauliza tu."

"Mtu hawezi kuuliza tu saa aliyozaliwa." Akaniangalia. "Umeanza waganga?"

Nikamwambia ukweli, Bibi, picha, sapu. Mama ni Mlutheri wa kuzaliwa, mzee wa kanisa. Hakukasirika. Alisema jua, mwezi na nyota viliumbwa siku ya nne, watu walikuwa hata hawajaumbwa, vitawajuaje? Mimi nikajifanya mjanja, nikamkumbusha Mamajusi.

"Mamajusi walifuata nyota wakampata Mwokozi," akasema. "Wewe unaifuata ukampate nani?"

Nikanyamaza. Ndizi tatu zikamenywa. Kisha akasema, kama anazungumza na kisu, "Halafu hiyo tarehe tano Novemba aliiandika mwalimu."

Mwalimu gani? Mwalimu aliyeniandikisha darasa la kwanza. Kadi yangu ya kliniki ilikuwa haipo, ililiwa na mbuzi. Sitanii, mbuzi, alifikia kwenye kamba ya nguo mfuko uliokuwa na karatasi. Mwalimu alipomuuliza tarehe, mama alimwambia masika, mvua kubwa, mwezi wa nne. Mwalimu akasema masika si tarehe. Foleni ilikuwa ndefu. Akaangalia mtoto aliyenitangulia, akaandika ya yule yule. Cheti cha kuzaliwa kikafuata karatasi za shule, vyeti vya mitihani vikafuata cheti cha kuzaliwa, NIDA ikafuata vyote, na mimi nikafuata nyuma nikijiita Nge.

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Sijui niwaeleze vipi. Ni kama kugundua kwamba jina lako limekuwa la mtu mwingine na wewe ulilishika kwa muda tu. Aliyenitangulia kwenye foleni namjua, anaendesha bodaboda Usa, kila mwaka tulikuwa tunatumiana meseji tarehe hiyo tukiitana mapacha.

"Saa je?" nikauliza. "Saa unaikumbuka?"

Saa hakuikumbuka kwa saa. Aliikumbuka kwa ng'ombe. Baba alikuwa amesafiri. Mvua ilikuwa inanyesha siku ya tatu, mto umejaa, njia ya kwenda hospitali Nkoaranga haipitiki. Uchungu ulimshika ng'ombe wamesharudishwa zizini, na usiku ule ule ng'ombe mmoja naye akaanza kuzaa, ndama amekaa vibaya. Bibi yangu mzaa baba alikuwa peke yake na mwanamke mmoja jirani. Mama anasema bibi alikuwa anakimbia huku na huku na kandili, akitoka kwake anakwenda zizini, akitoka zizini anarudi, na kuna wakati mama alimsikia zizini anaongea na ng'ombe kwa sauti laini kuliko aliyokuwa anaongea naye. Mimi nilitangulia. Ndama akafuata jogoo wa kwanza alipowika. Ndama jike. Wakamwita Masika.

Masika nilimjua! Ndiye ng'ombe niliyekuwa namkatia majani nikitoka shule. Alikuwa na alama nyeupe kwenye paji na tabia ya kulamba kola ya shati mpaka inalowa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba tulizaliwa usiku mmoja.

"Tulimuuza ukienda fomu wani," mama akasema. "Tranka, godoro, sare, na nauli. Alitosha, na ikabaki kidogo."

Godoro nalikumbuka vizuri mno. Lilikuwa jipya, bado kwenye nailoni, nililala juu yake sebuleni siku tatu kabla ya safari kwa furaha. Siku Masika alipoondoka siikumbuki. Nimejaribu, wadau. Nakumbuka godoro tu.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia Bibi kwamba sina saa, na tarehe yenyewe sina. Nilidhani atasikitika. Aliposikia habari ya mbuzi alicheka mpaka akashika meza, akaita watu wa nyumbani nisimulie upya. Aliposikia habari ya Masika hakucheka. Aliingia chumbani akatoka na kitabu kidogo cha Kigujarati, kimechakaa, akanifungulia ukurasa wenye orodha.

Mwezi, kwa Wahindu, una vituo 27 angani, na kila kituo kina mnyama wake. Wanyama ni kumi na wanne: farasi, tembo, kondoo, nyoka, mbwa, paka, panya, ng'ombe, nyati, chui milia, paa, nyani, nguchiro na simba. Ukizaliwa mwezi uko kituo fulani, mnyama huyo ni wako. Nikauliza kuhusu Kilimia, zile nyota zilizosongamana ambazo kwa Kiswahili zimepewa jina kutokana na kulima. Ipo, wanaiita Krittika, mnyama wake kondoo. Na wanyama hao wana ugomvi wao: paka na panya, nyoka na nguchiro, tembo na simba, farasi na nyati, ng'ombe na chui milia. Watu wakitaka kuoana, wazazi wanaangalia wanyama hao kama watakaa zizi moja.

Hapo ndipo kijana wangu aliponimalizia, maana dada yake aliposwa mwaka jana na familia ya Nairobi na hesabu ikapigwa. Jumla ya maksi ni 36. Zimegawanywa katika vipengele vinane, kuanzia chenye maksi 1 mpaka chenye maksi 8, na wanyama wana maksi 4. Chini ya 18, wengi hawaendelei. Nikamwambia arudie. Akarudia. Kwa miaka mamia watu wanafanya upimaji na tathmini wenye vipengele, uzito wa kila kipengele na alama ya kufaulia, wakati mimi nimefeli kueleza jedwali la utahini! Nikauliza kingine: ukipeleka tarehe zile zile kwa wapigaji hesabu wawili, maksi zinatoka sawa? Bibi akasema wakifuata kitabu kimoja, lazima ziwe sawa. Na wale waliopata nyingi, ndoa zao zinadumu? Bibi akamwangalia binti yake aliyekuwa anakaanga, binti akaangalia kikaango. "Hayo mengine, Mwalimu," akasema.

Wadau wa Upimaji, mmeona? Uthabiti upo, uhalali ndio unaotafutwa. Lile swali lililonitoa jasho, kutofautisha vitu hivyo viwili kwa mifano, nilikuwa nimekariri fasili kama kasuku. Siku ile niliielewa nikiwa nimesimama jikoni kwa watu.

"Sasa mimi ndiyo nimekosa dawa," nikasema kwa utani. "Sina saa, sina tarehe, sina mnyama."

"Mnyama unaye, umemuuza," Bibi akasema. Akanipa chapati iliyopakwa mafuta ya ufuta. "Mpelekee kunguru. Leo Jumamosi."

"Bibi, si umesema bila saa huwezi kujua kama ni Shani?"

"Kunguru haulizi cheti."

Kwa hiyo nilitoka kibarazani. Asubuhi ile mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni, Meru yote, hakuna wingu. Chini watu wa soko wanapakua vitunguu. Kwenye picha kunguru wa Shani ni mweusi tii, si kama wale wenye shingo ya kijivu waliojaa Dar es Salaam, ambao asili yao ni India na waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka. Wa kwetu Arusha ana fulana nyeupe kifuani na shingoni, mnawajua, wale wa dampo na viwanja vya shule. Na huko juu mlimani, kwenye vibanda vya wapandaji, kuna wakubwa zaidi wenye doa jeupe kisogoni ambao wanafungua begi la mzungu kuliko mzungu mwenyewe. Alikuja mmoja wa fulana. Akatua kwenye reli ya kibaraza, akaniangalia kwa jicho moja, akageuza, akaniangalia kwa la pili. Nilikuwa nimejiandaa kumkatia kipande kipande. Akachukua chapati nzima mkononi mwangu akaenda nayo kwenye paa la mabati la jirani.

Bibi aliniambia baadaye kwamba kwao Shani si adui. Ni kama hakimu, au mwalimu mkali wa zamu, anakupa unachostahili bila kuongeza wala kupunguza, ila polepole. Ndiyo maana anaogopwa. Nilifikiri sana juu ya hilo kwenye hiace. Zuhali yuko mbali zaidi ya kilomita bilioni moja, huwezi kumsihi, huwezi hata kumwona bila kujua pa kuangalia. Kunguru yuko kwenye reli, ana njaa, na ana adabu mbovu. Nadhani yule aliyewaza kwanza kumpandisha sayari juu ya kunguru alikuwa mtu mwenye shida kama yangu, anahitaji kitu cha kufanya kwa mikono yake asubuhi. Mimi nilipotoka pale nilikwenda kusoma. Nilisoma wiki mbili mfululizo, na sidhani kama Zuhali alihusika, lakini chapati ilihusika kidogo.

Mama nilimwambia pia. Alisema kulisha ndege si dhambi, Mungu mwenyewe anawalisha, ila nisitaje jina la mtu yeyote wakati natupa chakula. Halafu akauliza chapati ilikuwa ya unga gani.

Sapu nimefanya Jumanne. Swali la uthabiti na uhalali lilikuja, nikatoa mfano wa ndoa yenye maksi 36, sijui msahihishaji atalipokeaje. Matokeo bado. Jumamosi zote mbili zilizopita Bibi aliniwekea chapati bila kusema kitu, na kunguru sasa ananijua, anafika kabla yangu.

Kuhusu vyeti, nimeulizia. Kubadili tarehe ni viapo, barua na safari nyingi, na tarehe yenyewe ya kweli hakuna anayeijua, kuna mwezi wa nne, mvua na ng'ombe tu. Kwa hiyo kwenye karatasi nitabaki wa tarehe 5 Novemba mpaka nistaafu. Lakini nyie wa bweni, mnaojiandaa na ndoo zenu za maji kama mwaka jana, naomba mwaka huu mnisamehe, mkammwagie yule wa bodaboda, siku ni yake. Mimi ngojeni masika, maji yatakuwa yananyesha yenyewe.

Ngoja nikalale, kesho nina lekcha saa moja.